Sumaku haipunguzi ulaji wa mafuta

Mhariri,

Wenye magari ya zamani hapa Tabora wasitupe fedha kwenye sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta. Petroli haivutwi na sumaku. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani limepima vifaa zaidi ya 100 vya kubana mafuta, na vingi havikusaidia.

Mlaji mmoja mkubwa wa mafuta ni themostati iliyong'olewa, yaani kile kifaa kinachodhibiti joto la injini! Gari likichemsha, fundi huitoa. Injini inabaki baridi, kompyuta ya gari inadhani ndiyo kwanza imewashwa, inazidisha petroli. Irudisheni themostati, kisha mtibu chanzo: rejeta iliyoziba au feni mbovu. Halafu inueni gurudumu kwa jeki, gia ikiwa huru. Likigoma kuzunguka kwa mkono, huenda breki inashika, nayo inakula mafuta. Upepo pimeni asubuhi, matairi yakiwa baridi.

Fundi magari,
Tabora