Kabureta inasingiziwa

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa magari wa Jumamosi iliyopita umenitoa usingizini. Mwandishi aliwashauri vijana wanaonunua magari ya zamani ya spoti ya Kijapani, na hasa Datsun 240Z, kwamba la kwanza ni kung'oa kabureta mbili za kiwandani, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, na kufunga kabureta tatu za Weber, halafu ekzosi kubwa. Mengine, alisema, yatafuata. Mimi nina 240Z ya mwaka 1972. Nimekaa nayo miaka kumi na tisa, na katika muda wote huo kucha zangu hazijapata kuwa safi. Naomba nafasi kidogo nipinge.

Kabureta za Hitachi zilizokuja na gari hilo zimeundwa kwa mtindo wa SU, kabureta za Kiingereza. Kila moja ina pistoni inayopanda na kushuka yenyewe kufuata hewa inayovutwa na injini, na chini ya pistoni kuna sindano inayofungua na kubana tundu la petroli. Basi, hakuna mengi zaidi. Lakini gari likitoa moshi, kabureta. Likimisi, kabureta. Likigoma kuwaka asubuhi, kabureta tena. Nawasema wenzangu lakini na mimi nimo.

Mwaka wangu wa tatu gari lilianza kumisi. Likiwa limesimama, injini inaimba. Nikitembea nalo taratibu barabara ya tambarare, mguu umegusa tu pedali, linashtukashtuka kama mtu mwenye kwikwi. Nikikanyaga mpaka chini, linapona. Nilifungua kabureta zote mbili mara tatu. Nikabadili gasketi, nikabadili vali za boya. Fundi mmoja, simtaji, akaniapia kwamba sindano zimelika, nikanunua mpya. Kwikwi haikuondoka.

Ugonjwa ulikuwa ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi umeme wa cheche. Kuna kawaya kafupi humo, hakazidi urefu wa kidole cha mwisho, kanakounganisha umeme na platini, vile vipande viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Platini zimekaa juu ya kisahani, na kisahani hicho huzungushwa kidogo na vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, ili cheche iwahi. Gari likiwa limesimama, vakyumu haifiki hapo, kisahani kimetulia. Ukikanyaga kidogo, vakyumu inavuta, kisahani kinasogea, kawaya kananyooka. Ukikanyaga mpaka chini, vakyumu inakufa na kisahani kinarudi mahali pake. Ganda la nje la kawaya kangu lilikuwa zima kabisa, ila nyuzi za shaba za ndani zilikuwa zimekatika na kubaki zinagusana tu. Nilikagundua siku nilipofungua kifuniko, nikashika nyaya za mita, nikanyonya mpira wa vakyumu kwa mdomo huku nikikikodolea macho kisahani. Kikasogea, na sindano ya mita ikaanguka. Nilicheka peke yangu gereji mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Na dalili ilikuwa inaniambia tangu siku ya kwanza. Kama ni petroli haitoshi, gari lingelia zaidi pale ninapokanyaga mpaka chini, maana ndipo injini inapokunywa sana. Langu ndipo lilipokuwa linapona. Nilikuwa nimeshaamua ni kabureta, kwa hiyo sikusikia.

Tangu hapo nafuata mpangilio mmoja: kompresheni, vali, umeme, na kabureta mwisho kabisa. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, naipima injini ikiwa ya moto, plagi zote sita zikiwa nje, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka mwisho. Kinachonisumbua zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe. Iliyo chini naitilia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima upya. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, natazama vali na gasketi ya silinda hedi.

Kwenye vali, Mhariri, kuna kosa lenu. Makala ilitaja nafasi, yaani uwazi kati ya vali na kile kinachoisukuma, ya milimita 0.25 kwa vali za kuingiza hewa na 0.30 kwa za kutoa moshi, bila kusema injini iwe katika hali gani. Hivyo ni vipimo vya injini ya moto. Ikiwa baridi ni 0.20 na 0.25. Silinda hedi ya L24, ndiyo injini ya 240Z, ni ya aluminiamu, nayo hutanuka kuliko vali za chuma, kwa hiyo nafasi huongezeka injini inapopata moto. Kijana atakayeweka vipimo vyenu asubuhi, injini imelala usiku kucha, atapata mlio wa cherehani, na fundi wa kwanza atakayeusikia atamuuzia kamshafti, mhimili mzima unaofungua vali.

Platini ziachane kwa milimita 0.45 hadi 0.55. Kipimo cha bapa kipite katikati yake kikikwaruza kidogo tu. Ukishaziweka ndipo uweke taimingi, yaani wakati wa cheche kutoka, maana ukigusa nafasi ya platini, taimingi nayo imehama. Anayetaka kuondoa platini na kufunga kifaa cha elektroniki aondoe, sina ugomvi naye, ila kifaa hicho nacho hukaa juu ya kisahani kilekile na kina nyaya zake.

Baada ya hayo yote kabureta ikibaki na hatia, fungua vikofia vidogo vilivyo juu yake uangalie oili. Ndiyo, kabureta hizi zina oili yake, nyepesi, ya namba 20, inayozuia pistoni isiruke ghafla. Ikikauka, kila ukikanyaga kwa haraka gari linakohoa. Sijui ni watu wangapi wamenunua Weber kwa sababu ya matone hayo ya oili, lakini wawili nawafahamu. Kisha inua pistoni kwa kidole na uiachie. Ishuke yenyewe na kugonga chini, tk. Ikikwama njiani, isafishe, na msasa uuweke mbali.

Kulinganisha kabureta mbili, legeza kwanza fimbo inayoziunganisha, halafu chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele. Sikiliza mluzi wa hewa, kisha uhamie ya nyuma. Rekebisha mpaka mluzi uwe mmoja. Kifaa cha kupimia hewa kipo, hata mimi ninacho, ila huwa naanza na mpira na mara nyingi kifaa kinakuja kunikubalia tu. Mwisho, inua pistoni kidogo sana, kama milimita moja, injini ikinguruma. Mwendo wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi mno. Injini ikitaka kuzima, ni kidogo mno. Ukipanda kidogo na kurudi, funga boneti ukanawe.

Sasa skrubu. Hili makala haikuligusa kabisa, na ndilo linaloharibu magari haya kimyakimya. Skrubu za Japani za miaka hiyo zinafanana na zile za bisibisi ya kawaida ya nyota, lakini si zenyewe. Zimekatwa kwa kipimo cha JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani, na nyingi zina kidoti kimoja kichwani karibu na msalaba. Bisibisi ya nyota ya kawaida haizami mpaka chini. Unaposukuma na kuzungusha, inapanda, inateleza, inakula kichwa. Nilipolinunua gari langu, skrubu nne kati ya nane za kabureta zilikuwa zimegeuka vishimo vya mviringo. Mtu alikuwa amekwishazihangaikia kwa koleo, na koleo likaacha meno yake kwenye aluminiamu. Mpaka leo alama zipo, na kila nikizipitisha kidole namlaani bila kumjua. Bisibisi ya JIS ni kitu kidogo sana. Inafaa hata kwa skrubu za nyota za kawaida. Inunuliwe kabla ya ekzosi.

Ushauri mwingine wa makala ni kwamba gari lisilotumika liwashwe kila mwisho wa wiki kwa dakika kumi, likiwa ndani. Naomba msiurudie. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Gari likienda safari ndefu, maji hayo yanatoka kama mvuke. Likiwashwa dakika kumi na kuzimwa, sehemu yake inabaki kwenye ekzosi na nyingine inajichanganya na oili, na wiki ijayo unaongeza. Ukiliwasha, toka nalo, nusu saa au zaidi, mpaka oili ipate moto kweli. Kama huwezi, liache lilale na uchomoe waya wa betri.

Rafiki yangu mwenye Mazda RX-7 alijifunza hilo kwa njia mbaya zaidi. Injini yake ya rotari haina pistoni, ina rota mbili za pembetatu, na ukiiwasha ili tu kulisogeza gari mita tano kisha ukazima ikiwa baridi, petroli huweza kujaa humo ikagoma kuwaka tena. Alishinda siku nzima akikausha plagi. Injini hiyo pia hula oili kwa makusudi, inapuliziwa kidogo kidogo ili kulainisha sili za ncha za rota. Kwa hiyo mwenye nayo aangalie oili kila anapojaza tanki, na asiiache ichemke hata mara moja. Kompresheni yake nayo haipimwi kwa kipimo cha kawaida, kwa kuwa rota moja ina nyuso tatu na kipimo hicho huonyesha ile yenye nguvu tu.

Mengine nayataja kwa mbio. Kutu ya 240Z anzia chini ya betri na kwenye sakafu, na ubebe sumaku iliyofungwa kitambaa. Pale isiponata, kuna kiraka cha puti. Mafuta ya breki hunyonya maji, yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutoka. Na anayelazimika kufungua silinda hedi ya L24 ashindilie kwanza kipande cha mbao kati ya pande mbili za cheni ya taimingi, la sivyo kikaza cheni kitatoka mahali pake na itabidi afungue mbele yote ya injini. Mimi yangu niliichonga, nimeitundika ukutani kwa kamba.

Watu huniambia gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973 haliwezi kuwa deko kiasi hicho. Yale yalikuwa na kundi la mafundi nyuma yake. Langu lina mimi.

Nawaomba Jumamosi ijayo mchapishe sahihisho, hata kwa mstari mmoja: injini baridi, 0.20 kuingiza na 0.25 kutoa, injini moto, 0.25 na 0.30. Herufi ziwe kubwa za kutosha kusomeka na mtu aliyeinama juu ya injini bila miwani.

Wako,
Mwenye 240Z ya 1972