Mhariri, baba yetu hakuibwa kaburini

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti lako tangu nilipoanza kufundisha, na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu ya "Makaburi yafukuliwa Moshi" imenishinda kunyamazia.

Kaburi mojawapo ni la baba yangu. Barabara inapanuliwa, tukapewa notisi, ukoo ukakaa kikao. Mchungaji alikuja alfajiri akaomba, bwana afya akasimamia, tukamhamishia mzee sehemu ya juu ya kihamba hichohicho, yaani shamba letu la ukoo. Habari yenu ilipoanza kuzunguka kwenye simu, shangazi yetu aliyeko Tanga alipiga akilia, akiamini wezi wa viungo wamefika nyumbani kwetu. Presha ikampanda, akalazwa. Kesho yake mke wangu akaulizwa sokoni Kiborloni kama ni kweli tumeuza mifupa ya mzee. Anaulizwa hivyo mwanamke aliyemlisha na kumwogesha baba mkwe wake hadi siku ya mwisho!

Mwandishi wako hajui kwamba kufukua kuna aina zake? Kifo kikiwa na utata, sheria ya uchunguzi wa vifo inaruhusu mwili ufukuliwe kwa amri ili upimwe. Serikali ikihitaji ardhi kwa manufaa ya umma, ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, inayotambua gharama za kuhamisha, kuzika upya na hata matambiko. Anayenyemelea usiku kutafuta viungo vya marehemu mwenye ualbino, huyo amevunja kaburi na ni mhalifu mbele ya Kanuni ya Adhabu. Ninyi mmewatia wote katika neno moja, bila kusema nani aliamuru wala kwa nini. Tena mnawaandikia watu wa Kilimanjaro! Wazee wetu wa Kichagga walikuwa wakifukua fuvu la baba yao kwa heshima na kulitunza kihambani penye masale, mmea wetu mtakatifu. Na tunajua uchungu wa kunyang'anywa maiti: Mangi Meli, chifu wetu, alinyongwa na Wajerumani hapa Old Moshi mwaka 1900, na wajukuu zake wamekitafuta kichwa chake hadi Ujerumani. Kwetu neno hilo halisomwi kwa wepesi.

Na hiyo fidia ambayo hamkuiuliza: tumeambiwa tupeleke stakabadhi. Ya saruji tunayo. Vijana waliochimba, maturubai ya jirani na chakula cha waombolezaji vina stakabadhi gani?

Ninaomba hivi. Neno kufukua lisipite mezani kwako mpaka mwandishi akuonyeshe nakala ya amri au notisi, na aya ya kwanza imtaje aliyeamuru na sababu yake. Mpiga picha abaki nje ya ua wa masale mpaka shada la kwanza liwekwe juu ya kaburi jipya. Na kwa habari hii yetu, sahihisho litoke ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule.

Mwalimu mstaafu,
Kibosho, Moshi