Barua kwa mwanangu: 5621 ya kizio cha saba si witiri

Mwanangu mpendwa,

Nimepitia daftari lako. 5621 ya kizio cha saba, yaani namba iliyoandikwa kwa tarakimu 0 hadi 6 tu, kila nafasi ikiwa mara saba ya ile iliyo kulia kwake, umeiita witiri kwa kuwa imeishia na 1. Hapana. Hiyo ni 2024 yetu ya kila siku, na 2024 ni shufwa. Ushufwa ni wa idadi, si wa maandishi.

Kwanza tuihakiki. Gawanya kwa 7 mfululizo, ukiandika baki pembeni: 2024 kwa 7 ni 289 baki 1, 289 ni 41 baki 2, 41 ni 5 baki 6, 5 ni 0 baki 5. Sasa soma mabaki kutoka chini kwenda juu: 5621. Ukisoma kutoka juu unapata 1265, ambayo ni 488 tu. Na ukikomea kwenye 5 bila kuigawanya hadi ifike 0, unabaki na 621, yaani 309. Makosa haya mawili ndiyo yanayokula alama nyingi. Tena usiisome "elfu tano mia sita". Sema tano, sita, mbili, moja, maana humo hamna elfu wala mia.

Kwenye kizio cha kumi tunatazama tarakimu ya mwisho kwa sababu 10 ni shufwa, hivyo makumi, mamia na maelfu yote ni shufwa, na mamoja peke yake ndiyo yanayoamua. Nafasi za kizio cha saba ni 1, 7, 49, 343: zote witiri. Kila tarakimu ina kura yake. Kwa hiyo zijumlishe: 5+6+2+1 ni 14, shufwa. Basi.

Jumla hiyo hiyo inakupa na baki la kugawanya kwa 6, kwani 7, 49 na 343 kila moja imezidi kigawe cha 6 kwa 1. 14 kwa 6 hubaki 2, na 2024 nayo hubaki 2. Ni ujanja ule ule unaoujua wa kujumlisha tarakimu za kizio cha kumi ili kupata baki la kugawanya kwa 9; umehamia tu kwenye namba iliyo moja chini ya kizio. Kwa 8, iliyo moja juu, toa na jumlisha kwa zamu kuanzia kulia: 1−2+6−5 ni 0, kwa hiyo 2024 inagawanyika kwa 8 bila baki.

Tarakimu ya mwisho nayo haikai bure: ni baki la wiki. Leo ikiwa Jumanne, siku 2024 zijazo itakuwa Jumatano. Pia namba iliyoishia na 3, 5 au 6 katika kizio hiki kamwe si mraba. Miraba huishia na 0, 1, 2 au 4.

Na utasa, yaani namba kugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu? Haubadiliki. 16 ya kizio cha saba ni 13, namba tasa, japo jicho lililozoea kumi litaikataa.

Sasa chukua kete za bao, zote 64. Kwa kizio cha saba ni 121, mraba wa 11, yaani 8 mara 8. 11 mara 11 hutoa 121 katika kizio chochote kuanzia cha tatu, kwa sababu katikati unajumlisha 1 na 1 tu, hakuna cha kubeba. Katika kizio cha pili, hiyo 2 haipo. Andika mwenyewe inavyotoka huko, kisha unitumie.

Mama yako