Kabla hamjauza shamba kwa ajili ya stenti

Ndugu Mhariri,

Nimeendesha malori kati ya Mombasa na Kampala miaka 27, sasa nimestaafu hapa Malaba. Wiki iliyopita jirani yangu alinijia na karatasi ya mchango. Kaka yake ana mshipa wa moyo ulioziba, wanataka kumpeleka India atiwe stenti, yaani kibomba kidogo cha waya kinachopanua mshipa, na shamba la marehemu baba yao limeshapata mnunuzi. Nilimwomba akae kwanza, maana maradhi hayo ninayo mimi.

Yangu yalianza 2021. Nikibeba dumu la maji, kifua kinanibana kama mkanda wa turubali, nikipumzika, kinaachia. Kampala walinipitishia mpira mwembamba mkononi hadi kwenye moyo, wakaona mshipa mmoja umebanwa. Wanangu walitaka stenti siku hiyohiyo. Daktari, mama mmoja kijana mwenye subira, akaniuliza: yamekuja ghafla, au ni ukichoka tu? Nikamwambia yana mwaka mzima na hayajazidi. Akasema, "Basi mzee, tuna muda."

Hapo ndipo tunapochanganya. Mtu akishikwa ghafla, jasho linamtoka, kifua hakiachii hata akiketi, huyo akimbizwe hospitali. Kwake kuzibua mshipa haraka huokoa maisha. Ugonjwa wa polepole una mambo yake. Daktari alitueleza utafiti wa COURAGE wa mwaka 2007, wagonjwa 2,287 wa Marekani na Kanada: nusu dawa peke yake, nusu dawa pamoja na stenti. Baada ya miaka kama minne na nusu, vifo na mishtuko ya moyo havikutofautiana. Utafiti wa ISCHEMIA, wagonjwa 5,179 katika nchi 37, ulitoa jibu kama hilo mwaka 2020. Sababu yake niliielewa mara moja: stenti hufungua mahali pamoja, lakini mafuta yamejibandika kwenye mishipa mingi, na mara nyingi kinachopasuka na kuleta mshtuko ni kibonge kingine ambacho hakikuwa kikibana sana. Dawa hufika kote.

Sisemi stenti haina kazi. Hupunguza maumivu, na katika COURAGE karibu theluthi ya waliopewa dawa peke yake hatimaye walizibuliwa mishipa. Mshipa mkuu wa kushoto wa moyo ukibanwa, shauri hubadilika. Hayo aulizwe daktari, na aulizwe kabla ya mnunuzi wa shamba.

Mimi nameza aspirini, atovastatini ya kushusha mafuta kwenye damu na bisoprololo ya kutuliza mapigo ya moyo, na mfukoni nina kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Sigara niliacha. Maumivu sasa hunijia mara moja moja.

Kinachoniuma ni hiki. Kanisani tunaweza kuchanga mamilioni kwa Jumapili moja ili mtu apande ndege, lakini sijaona kapu likipitishwa kwa ajili ya vidonge vya kila mwezi. Kwenye kituo cha afya ninakotibiwa, atovastatini nimeikosa mara nyingi kuliko nilivyoipata. Wapo wenzangu wanaomeza wiki mbili na kupumzika wiki mbili. Wizara iangalie hilo.

Kiwanja ambacho wanangu walitaka kuuza kimekodishwa kwa fundi wa matairi. Kodi yake ndiyo inayoninunulia dawa.

Dereva mstaafu,
Malaba, Tororo