Barua kwa mwanangu: barafu ni maji

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ila mama yako presha inampanda na kushuka. Jana baada ya magharibi kaka yako alinisomea ujumbe wako, kwamba Ijumaa wewe na mumeo mnatoka Hamburg kwenda Stockholm na kurudi Jumapili. Nilifurahi. Alipofika pale penye kutembea juu ya ziwa lililoganda, nikamwambia arudie.

Mama, usiikanyage barafu ile. Mji ule umekaa juu ya visiwa 14, na katikati yake ndipo ziwa Mälaren linapomwaga maji baharini. Wewe ni mtoto wa Pangani, unaujua mto ukikutana na bahari: juu kumetulia, chini mkondo unavuta. Penye mkondo barafu haishikani sawasawa. Ukingoni itabeba watu, chini ya daraja ni utando tu. Wenyeji wenyewe wakienda kuteleza huvaa shingoni vyuma viwili vyenye ncha, ili mtu akitumbukia avichome kwenye barafu ajivute atoke. Tena Februari hii jua linazama kabla ya saa 11 jioni. Giza likiingia utaonaje unapokanyaga?

Mumeo simlaumu, kazaliwa kwenye baridi. Lakini yeye anajua kuogelea na wewe hujui. Kaka zako niliwaingiza mtoni wangali wadogo. Wewe ulikuwa ukikaa chini ya mkungu, umeshika viatu vyao, unatazama. Uliniomba mara moja, nakumbuka. Nikasema mtoto wa kike ataogelea aende wapi. Basi ndiyo maana nakwambia, usiikanyage.

Nendeni mkaione Vasa. Ile meli ya mfalme ilizama 1628 siku ileile ya kwanza kutweka tanga, haijamaliza hata maili moja, ikakaa chini ya maji hadi walipoiopoa 1961. Mizinga 64, juu kuzito, na farumi, yale mawe ya uzito, chini haikutosha. Upepo kidogo tu ukailaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga. Mimi nimeshika tezo nikichonga mbao miaka arobaini na sijapata kuona ubao wa umri huo. Nipigie picha mataruma, zile mbavu za meli, kwa ndani, kama yanaonekana. Usisimame mbele ukayaziba, kama ulivyofanya kwenye zile picha za bandari.

Ukikuta watu wengi wako juu ya barafu na mumeo anakuita, mwambie baba kakataa. Unisingizie mimi, sitachukia.

Bati tumeezeka upande wa jikoni, imebaki baraza. Fundi aliuliza nani katoa hela, nikamwambia binti yangu, nikamtajia na jina. Sikuwahi kukwambia hilo kwenye simu. Misumari ilipungua kilo mbili, usitume, nitaipata hapahapa. Mbuzi yule mweusi kazaa pacha, mmoja dhaifu, mama yako anamnywesha kwa chupa.

Jumapili mkifika nyumbani upige, hata iwe usiku wa manane. Nimemwambia kaka yako anunue umeme mapema, LUKU imebaki uniti tatu na simu yangu haikai na chaji.

Baba yako