Malalamiko kuhusu adapta ya gari ya "ampea 3"

Moshi, Kilimanjaro

Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: ADAPTA YA GARI ILIYOANDIKWA VOLTI 5, AMPEA 3

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwaka huu nilinunua dukani kwenu kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi 4, memori kadi na adapta ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Nilimweleza kijana wenu wa mauzo kwamba naifunga kwenye Noah yangu ya abiria, Moshi–Himo, ipige muziki kupitia amplifaya. Adapta alinichagulia yeye. Naomba hilo lizingatiwe, maana sasa mnanijibu kwamba dhamana imekufa "kwa kuwa kifaa kimetumika ndani ya gari". Adapta ya kiberiti cha gari nilitakiwa niitumie jikoni?

Muziki huanza vizuri. Tukishika njia, kifaa kinajizima na kujiwasha chenyewe, taa yake nyekundu inazimika-zimika, na nikikiunganisha na skrini inatokea alama ya radi. Alama hiyo ni onyo kwamba umeme unaoingia umeshuka hadi karibu volti 4.6, wakati kifaa kinataka 5. Kule kukatika ghafla kukaharibu mafaili ya memori kadi, kifaa kikagoma kuwaka. Mkasema kadi ndiyo mbovu, mkaniuzia nyingine. Nayo ikaenda vilevile. (Abiria wa Himo atakusamehe kiti kilichochanika, wimbo ukikatikia kwenye kiitikio, utasemwa mpaka mwisho wa safari.)

Kompyuta yenyewe siilalamikii. Nyumbani, kwa chaja ya ukutani, inapiga kutwa nzima bila kusita.

Fundi wangu aliifungua adapta mbele yangu. Ndani tulikuta 7805, ile chipu ya miguu mitatu ya kwenye redio za zamani. Hiyo hata ipozwe vipi haizidi ampea 1.5, na kazi yake ni kugeuza volti za ziada kuwa joto. Injini ikinguruma umeme wa gari unafika kama volti 14, kwa hiyo volti 9 zinaishia kuchoma plastiki. Ampea 3 kwa mtindo huo ni wati 27 za joto ndani ya kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Haiwezekani, na aliyebandika ile lebo anajua. Pi 4 inahitaji adapta inayotoa ampea 3 za kweli, yenye konveta ya kushusha volti bila kupika umeme.

Nadai nirudishiwe fedha za adapta na za memori kadi zote mbili. Adapta nyingine yenye lebo ileile siitaki. Zilizobaki rafuni ziondoeni, kwa sababu madereva wenzangu wameanza kuulizia mfumo huu na mimi nimeshawaambia wasubiri.

Nikikosa jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka adapta na risiti Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo yenye kazi ya kumlinda mlaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Msinitumie tena ujumbe wa "jaribu kubadilisha kadi".

Nimeambatanisha nakala ya risiti ya EFD, picha za adapta ikiwa wazi, na vipimo vya fundi. Adapta ninayo mimi. Mkiihitaji, tumeni mtu Moshi aje aisainie.

Wenu,
Mmiliki wa Noah, Moshi