Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Wazee wetu walezi, wajumbe wa kamati, ndugu wanachama,

Tumshukuru Mungu kwa kutukutanisha tena. Mwezi Machi tulimpoteza mwenzetu mmoja, na rambirambi ya chama chetu cha matembezi ilifika kwa familia. Shughuli za kawaida mnazifahamu. Mazoezi ya Jumamosi asubuhi kupitia Capri Point hapa Mwanza yaliendelea, usafi wa mwalo tulishiriki, na ziara ya kisiwa cha Saanane ilikwenda salama.

Jambo lililoleta maneno ni matembezi yetu ya vijijini kuhamishwa kutoka Desemba kwenda Julai. Limesemwa sana kwenye kundi la WhatsApp, hata misibani limesemwa, lakini ofisini kwa Katibu haijafika barua hata moja. Naomba nilieleze kwa kirefu, maana naambiwa ni uamuzi wangu peke yangu. Si kweli. Kamati ilipiga kura, watano wakakubali na wawili wakakataa. Mimi nililiwasilisha, na ninasimama nalo.

Desemba kwetu ni mvua. Anayeijua njia ya Kisesa anaujua udongo mweusi wa mbuga ukilowa: unashika kiatu mpaka mguu hauinuki. Desemba 2024 tuligeukia njiani, radi zinapiga, sisi tuko uwandani na pa kukimbilia ni chini ya miembe, ambapo ndipo hatari ilipo. Radi za kanda hii zinaua. Mtu akipatwa na jambo, atakayeitwa polisi ni Mwenyekiti.

Tena Desemba ni msimu wa kilimo. Pamba inapandwa, mahindi yamechipua, vijia tulivyozoea vimelimwa. Kundi letu likipita hapo linakanyaga jasho la mtu. Julai mpunga umeshavunwa, majaruba yamekauka, wenyeji wana nafasi ya kukaa na mgeni na chakula kipo. Waliouliza kwa nini isiwe Juni, wakumbuke Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma: Bujora yote, tunakopita kwenye makumbusho, inajaa Wagika na Wagalu, vyama viwili vinavyoshindana kwa ngoma, na makumbusho hayana nafasi ya kutusikiliza.

Imesemwa pia kwamba kipupwe kina baridi na vumbi. Baridi ya Mwanza si ya Njombe. Sweta moja asubuhi inatosha, na saa nne watu walishazivua. Kuhusu ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaokuja Krismasi, nawaheshimu na michango yao naithamini, ila ratiba ya chama lazima iwafuate wanaotembea mwaka mzima.

Matembezi yenyewe yalifana. Tulianzia Kisesa, tukapanda Bujora kwenye Makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, tukaona jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, kisha tukashika njia za vijijini kuelekea Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Kila kijiji tulipokelewa na uongozi, kwa sababu nilitangulia wiki mbili kabla kwa pikipiki yangu, mafuta yangu, kupiga hodi kwa watendaji. Sijadai kurudishiwa. Kina mama walituandalia sato na ugali, na chai kwa matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Tuliwalipa, na ninaona ni haki. Mwambaoni nilizuia watu kuingia majini. Walionuna wajue kichocho kipo na mamba wapo.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Daftarini tuko 64, waliotembea ni 26. Vikao vya kamati viwili viliahirishwa kwa kukosa akidi, na wajumbe waliokosekana ndio waliolalamika baadaye kwamba hawakushirikishwa. Tangazo la matembezi lilitoka Aprili. Mtu hawezi kusema hakujua.

Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 21, waliofika nusu ni 12, na 31 hawajatoa hata shilingi. Tulitarajia 1,536,000, tumepata 648,000. Ongeza 260,000 za michango ya matembezi, jumla 908,000. Matumizi: basi 250,000, chakula 208,000, kiingilio na mwongozaji 120,000, maji na dawa 62,000, rambirambi 100,000, benki na shajala 45,000. Jumla 785,000, salio 123,000. Mweka Hazina ana stakabadhi zote, nimezikagua mwenyewe. Kwa salio hilo hata basi la safari ijayo hatulipi, na bado kuna wanaouliza fedha ziko wapi. Ziko mifukoni mwa wasiolipa, shilingi 888,000.

Kwa mwaka ujao, Mungu akijalia, tunafikiria kuvuka Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 tutembee vijiji vya upande wa Sengerema. Zile kilomita 3 juu ya maji peke yake ni matembezi. Ukerewe nayo imependekezwa. Fulana za chama tutaziangalia hali ikiruhusu. Tarehe itabaki Julai. Anayetaka Desemba alete hoja kwa maandishi, ada yake ikiwa imelipwa, nami nitaipeleka kwenye kamati bila kuibadili hata neno.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti